Wakati wa Imajensi: Akina Mama Walibeba Boma, Hati Ikaandikwa Jina la Nani?



Somo la safari hii linahusu jambo ambalo wengi wetu tumelisikia nusu nusu tu, pale jikoni shosho akimenya viazi: namna miaka ya Hali ya Hatari, ile tunayoiita Imajensi, ilivyobadilisha maisha ya mwanamke hapa Nyeri na sehemu zote zinazozunguka Mlima Kenya. Tumelichagua kwa sababu moja. Tukitembelea vikundi, kuanzia Tetu mpaka Mathira, tunakuta akina mama ndio wengi. Ndio wanaoleta mchango kwa wakati, na ndio wanaojua ni nani mgonjwa na ni nyumba gani imelala njaa. Lakini kikundi kikitaka mkopo mkubwa kidogo, na benki ikauliza hati ya shamba, mama anasema, "Ngojeni kwanza niongee na mzee." Hiyo "ngojeni" ina historia yake, na historia hiyo haijafika miaka 80.

Someni somo hili kwa sauti kikundini, mtu mmoja asome na wengine wasikilize. Kama kuna mzee wa kike anayekumbuka, mwacheni aseme hata kama somo litakatika. Yeye ana mengi kuliko karatasi hii.

KABLA YA IMAJENSI

Zamani ardhi ilikuwa ya mbari. Mwanamke aliyeolewa alipewa sehemu yake ya kulima, akawa na nyumba yake na ghala lake la chakula. Hakuweza kuuza shamba, lakini hata mume hakuweza kuliuza kirahisi bila wenzake wa mbari kujua. Kazi zilikuwa zimegawanywa. Wanaume walikata miti na kusimamisha nyumba. Wanawake walileta nyasi za kuezekea na kukandika. Na kazi ya shamba ilipozidi, akina mama waliitana kwa ngwatio, leo kwako, kesho kwangu.

Vita vya wazungu vilianza kutikisa mpango huo mapema. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wanaume wetu wengi walichukuliwa kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi. (Sista Irene Stefani, yule tunayemwita Nyaatha, aliyetangazwa Mwenye Heri hapa Nyeri mwaka 2015, aliwauguza wapagazi hao Voi na hata Kilwa kabla hajaja kufanya kazi Gikondi.) Vita vya pili, 1939 hadi 1945, vilipeleka vijana wetu mpaka Burma. Nyumbani akina mama waliachiwa mashamba, na baada ya vita wakalazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1947 na 1948 akina mama wa Murang'a walikataa kazi hiyo wazi wazi. Kwa hiyo asitudanganye mtu kwamba mama wa Kikuyu alianza kusema "hapana" juzi.

LAKINI IMAJENSI ILIKUWA KITU KINGINE

Serikali ya mkoloni ilitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Wanaume wengine waliingia msituni, Nyandarua na Mlima Kenya. Wengine walikamatwa. Mwezi wa Aprili 1954 askari walizingira Nairobi, wakakusanya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kambini: Manyani, Mackinnon Road, Langata. Wengine walijiunga na ngati, askari wa kulinda vijiji upande wa serikali. Katika nyumba nyingi hakukubaki mwanamume mzima isipokuwa guka aliyezeeka.

Kisha, kati ya mwaka 1954 na mwisho wa 1955, serikali iliwaondoa watu kwenye maboma yao yaliyotawanyika katika migongo ya milima na kuwasongamanisha katika vijiji, vile wazee huita gichagi. Watu zaidi ya milioni moja walihamishwa, vijiji zaidi ya 800. Hapa tukae kidogo, kwa sababu kwa maoni yetu hapa ndipo maisha ya mama yalipogeuka kabisa.

Fikirini mama mwenye watoto wanne, mumewe yuko Manyani. Anaambiwa avunje nyumba yake. Boma la zamani linachomwa mara nyingi kabla hajamaliza kutoa vitu. Anafika mahali pa kijiji, anaonyeshwa kipande cha ardhi kwenye mstari, anaambiwa ajenge. Nani atasimamisha miti? Yeye. Kazi ambayo mila ilisema ni ya mwanamume, aliifanya yeye na jirani zake, wakisaidiana, leo nyumba hii na kesho ile. Hakuna aliyeketi akaamua kwamba desturi ibadilishwe. Mvua ilikuwa inakuja na watoto walikuwa nje, basi.

Asubuhi ikifika, kengele au filimbi, na watu wanaenda gitati, yaani kazi ya lazima isiyo na malipo. Barabara, matuta, madaraja, ngome za ngati. Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa handaki lililochimbwa kando ya msitu wa Mlima Kenya, urefu wa maili kama 50, likapandwa miti iliyochongwa ncha ili mpiganaji asiweze kutoka msituni kutafuta chakula. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wanawake, wengine wakiwa wamebeba watoto mgongoni. Jioni walipewa muda mfupi tu wa kwenda shambani kuchuma chochote na kuteka maji kabla amri ya kutotoka nje kuanza. Kijiji kilichoshukiwa kusaidia watu wa msituni kilifungiwa. Njaa iliingia, na watoto wengi na wazee walikufa katika vijiji hivyo.

Na bado chakula kilifika msituni! Akina mama walijaza kiondo viazi na mboga juu, na chini yake kulikuwa na dawa, barua, hata risasi. Wasichana walipeleka habari. Wanawake walikula kiapo, wengine wakawa wanawalisha wenzao kiapo. (Tuseme ukweli, Kanisa lilikataza kiapo hicho, na kuna nyumba ambazo mama alikuwa Mkristo wa kila Jumapili na usiku anapeleka chakula kando ya msitu. Walibeba uzito wa pande zote mbili, na hatuoni ni kazi yetu leo kuwahukumu.) Mkienda Nairobi, pale Uhuru Park, kuna sanamu ya ukumbusho iliyozinduliwa mwezi wa Septemba 2015. Inaonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, na hawatazamani usoni. Ndivyo ilivyokuwa. Ukikamatwa na kupigwa, huwezi kumtaja mtu ambaye hukuiona sura yake.

Serikali ilipogundua kwamba bila akina mama msitu ungekufa njaa, iliwafunga pia. Wanawake kama 8,000 waliwekwa kizuizini katika miaka hiyo, wengi wao Kamiti, wengine pamoja na watoto wachanga. Yaliyofanyika katika vituo vya kuhojiwa ni mambo ya aibu. Jane Muthoni Mara, mama kutoka upande wa Kirinyaga, alikuwa miongoni mwa wazee waliopeleka serikali ya Uingereza kortini London na kueleza hadharani namna alivyoteswa katika mwili wake wa kike. Mwezi wa Juni 2013 Uingereza ilisema inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wazee 5,228. Kwa mama wa umri wake kusema maneno kama hayo mbele ya wanaume na wageni, hilo nalo ni ujasiri ambao haukuanza kortini.

Wachache waliingia msituni wenyewe na kubeba bunduki. Hapa kwetu tunamjua Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Fildi Masho. Dedan Kimathi alimwita Thonjo, ndege mfumaji, kwa sababu ya akili yake ya kupanga. Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957, lakini Muthoni alibaki msituni mpaka uhuru wa 1963. Nywele zake za msituni hazikukatwa mpaka mwaka 2022, akiwa mzee sana, na mwaka uliofuata akafariki.

WANAUME WALIPORUDI

Kuanzia 1957 hivi mpaka 1960 wanaume walianza kuachiliwa kutoka kambini. Mtu alikuwa amekaa miaka minne, mitano, saba. Alirudi akakuta mke aliyejenga nyumba, aliyezungumza na askari, na chifu na bwana shamba, aliyeuza mahindi na kulipa karo, aliyezika mtoto peke yake. Kuna waliopokeana vizuri. Kuna waliokuta mtoto ambaye si wao, na ni nani anayejua mtoto huyo alipatikana kwa nguvu au vipi. Ndoa nyingi zilitikisika, na watu waliamua kunyamaza. Kunyamaza huko bado tunakukuta tukienda kusuluhisha ugomvi wa mashamba. Unachimba chimba, unafika 1955.

Hali hii si yetu peke yetu. Kule Marekani, vita vya pili vilipoingia mwaka 1941, wanaume walienda jeshini na viwanda vikakosa watu. Wanawake kama milioni 6 waliingia kazini, wakashona mabati ya ndege kwa ribiti, wakaendesha mashine za kuchomelea meli. Serikali ilichapisha picha na matangazo ya kuwasifu, na mwanamke wa kiwandani akapewa jina la mzaha, Rosie. Vita vilipokwisha 1945 wengi waliambiwa asante, rudi nyumbani, mwanamume anataka kazi yake. Na sheria iliyopitishwa mwaka 1944 ya kuwasaidia waliotoka vitani, ya kulipiwa masomo na kudhaminiwa mkopo wa nyumba, iliwafaidi karibu wanaume watupu, kwa sababu ndio waliokuwa wamevaa sare. Kazi ilifanywa na wote, lakini karatasi zilipoandikwa, ziliandikwa upande mmoja.

Sisi karatasi yetu ilikuwa hati ya shamba.

SHAMBA LILIPOPIMWA

Mwaka 1954, wakati vijiji vinajengwa na wanaume wako kambini, serikali ilitoa mpango wa kilimo unaojulikana kwa jina la Swynnerton, ofisa aliyeuandika. Vipande vya shamba vilivyotawanyika huku na huku vingekusanywa viwe shamba moja, vipimwe, na mwenyewe apewe hati. Mwafrika aruhusiwe kupanda kahawa na majani chai kwa wingi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Kwa upande wa mapato, mpango huo ulisaidia sana wilaya hizi, hatuwezi kuukana. Mashamba ya kahawa tunayoyaona kutoka Karatina kushuka chini, na majani chai kule juu karibu na msitu, yana mizizi huko.

Lakini angalieni namna ulivyofanyika. Kamati za kupima zilikuwa za wanaume, na wengi walikuwa wale waliosimama upande wa serikali. Mwanamume aliyekuwa kizuizini hakuwepo kuonyesha mipaka yake. Mke wake alisimama pale, mara nyingine peke yake, akisema hapa ni petu mpaka kwenye mugumo ule. Wengine walisikilizwa. Wengine walipewa kipande kidogo kwenye mteremko wenye mawe. Na hata pale mama aliposhinda, karatasi iliandikwa jina la mwanamume: la mume aliye Manyani, la shemeji, au la mtoto wa kiume aliyekuwa bado anacheza. Ile haki ya zamani ya mwanamke kulima na kutoondolewa bila mbari kukaa, haikuandikwa popote. Kwenye rejista mara nyingi liliandikwa jina moja, na mwenye jina akawa anaweza kuuza.

Hilo ndilo jambo tunalotaka vikundi vilione vizuri. Imajensi ilimpa mama kazi zote za boma. Upimaji wa mashamba, uliofanyika miaka ile ile, ulimwondoa kwenye karatasi. Siasa nayo haikuwa mbali: bunge la kwanza la uhuru mwaka 1963 halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa. Grace Onyango wa Kisumu ndiye alikuwa wa kwanza, mwaka 1969.

KILICHOBAKI MIKONONI

Akina mama hawakuondoka gichagi mikono mitupu. Zamani jirani alikuwa mgongo mwingine wa mlima. Kijijini walikuwa ukuta kwa ukuta. Walijua kujenga pamoja, kulea watoto wa mwenzao anapokuwa gitati, kuficha siri. Serikali nayo ilieneza vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza 1952, ikitaka kuwavuta akina mama watoke upande wa Mau Mau. Walienda, wakafundishwa kushona na usafi na kulisha watoto, na wengi wao, kwa maoni yetu, walichukua kilichowafaa na kuacha kingine.

Basi uhuru ulipokuja, na watu wakarudi kwenye mashamba yao yaliyopimwa, yalitokea makundi ya mabati. Akina mama walienda kulima shamba la mtu kwa malipo, pesa hawakugawana, waliweka pamoja. Zikitosha, wananunua mabati ya nyumba ya mmoja. Mwezi mwingine wa pili yake. Nyumba ya nyasi ikawa ya mabati, na mabati yakileta mfereji na tangi, safari ya mtoni ikapungua. Ngwatio ile ile, sasa na daftari. Vikundi vyetu vya leo, na hata hizi chama zinazokopeshana kwa simu, ni watoto wa makundi hayo.

Na kuna wasichana waliokuwa shuleni wakati huo. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alisoma hapa misheni ya Mathari, shule ya Mtakatifu Sesilia, miaka ile ile ya vita. Alianzisha kazi ya kupanda miti mwaka 1977. Alienda kwa vikundi vya akina mama wa mashambani. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimchagua kwenda bungeni, na 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alikuwa na elimu kubwa, lakini mikono iliyochimba mashimo ya miche ilikuwa imezoea jembe la gitati.

SHERIA YA LEO INASEMAJE

Tupitie haraka, kwa sababu hapa tunaulizwa maswali kila mara.

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inasema watoto wote wa marehemu wanarithi sawa, wavulana na mabinti, walioolewa na wasioolewa. Mjane ana haki ya kukaa na kutumia mali ya mumewe. Katiba ya 2010 imekataza ubaguzi wa mwanamke katika mambo ya ardhi, hata kama ubaguzi huo unatoka kwenye mila. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani au kukodishwa bila idhini ya maandishi ya mume na mke wote wawili. Sheria hiyo pia inahesabu kazi ya nyumbani, kulea watoto na kulima kuwa ni mchango. Lakini jihadharini na wanaosema mama anapata nusu moja kwa moja. Mahakama ya Juu iliamua Januari 2023 kwamba kila mmoja atapewa kulingana na mchango anaoweza kuuonyesha. Kwa hiyo risiti ya mbolea, karatasi ya kiwanda cha kahawa, daftari la kikundi linaloonyesha mkopo ulinunua ng'ombe au mabati: tunzeni. Msiwashie moto.

Tunajua kuna wazee wataona tunawachochea wake zao. Hapana. Mume na mke wanaoelewana wanaweza kwenda ofisi ya ardhi pamoja wakaandikisha shamba kwa majina mawili, na tumeona nyumba zilizofanya hivyo zikikaa kwa amani kuliko zamani. Anayefaidika na kunyamaza mara nyingi ni mtu wa tatu: dalali, au ndugu anayengoja matanga yaishe.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kwanza, kila mmoja aulize nyumbani, kwa upole na wakati unaofaa, shamba mnalolima limeandikwa jina la nani. Mtashangaa wangapi bado wanalima kwa jina la guka aliyekufa zamani, urithi haujafanywa. Wale ambao hawawezi kuuliza, waandike namba ya shamba tu, kama wanaijua. Kwa namba hiyo mtu anaweza kuomba sachi rasmi ya rejista, kwa ada ndogo, na kikundi kinaweza kuwachangia wasio nayo.

Pili, namba ya uanachama wa kahawa au majani chai ni ya nani, na pesa zinaingia akaunti gani? Anayechuma ni nani?

Tatu, kila kikundi kimtembelee shosho mmoja aliyeishi gichagi. Pelekeni sukari na unga, kama mnavyopeleka matega. Muulizeni ni nani aliyesimamisha miti ya nyumba yake, na shamba lake lilipopimwa nani alikuwa amesimama kwenye mpaka. Mwenye mwandiko mzuri aandike, na jina lake lisitajwe kama hataki. Karatasi hizo mzilete ofisi yetu, au mumpe katekista wa kituo chenu atuletee, na familia ziwe na nakala yao, maana siku ya urithi kuna mahali zitauliziwa.